Umbo Lililobonyea

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa hisabati Rula, kwa ajili ya ile rula ndefu ya mbao aliyotembea nayo kila mahali kama fimbo ya kiongozi. Jina hilo alilijua, na kimoyomoyo lilimfurahisha. Lililomkosesha raha ni jingine: binti yake, kitindamimba, alikuwa akisoma katika darasa lake mwenyewe, na minong'ono ya upendeleo ilikuwa imeshaanza. Ndiyo maana wakawekeana sharti. Shuleni hakuna mama wala mwana, kuna mwalimu na mwanafunzi.

Siku ya kuanza pembenyingi, aliandika ubaoni: ni umbo lililofungwa, pande zake zimenyooka, wala hazikatani. Akachora pembetatu, akachora mraba, kisha akataka mtu aje kuchora pembetano. Mikono michache ikainuka, wa binti yake ukiwemo. Akamwita yeye, maana kumruka kila mara nako kungezua maneno.

Binti akachora kitu kama nyumba ambayo paa lake limeangukia ndani.

"Hiki nini sasa?" Rula akauliza. "Limebonyea kama sufuria iliyokanyagwa! Hii si pembenyingi. Nenda kakae."

Darasa zima likaangua kicheko. Naye, Mungu amsamehe, alikiacha kicheko kile kiendelee, ili kila mtu aone kwamba hapendelei mtu.

Alipogeuka kufuta, macho yake yakagota kwenye maneno aliyoyaandika mwenyewe. Limefungwa? Ndiyo. Pande zimenyooka? Zote. Zinakatana? Hapana. Pembe ni tano, moja imeingia ndani, basi. Na hakuna alipoandika kwamba pembe isiingie ndani. Uso ukamwaka moto. Angeweza kugeuka na kusema amekosea. Lakini aliwaza jinsi watakavyokonyezana, ahaa, kwa sababu ni mwanawe. Akafuta, akaendelea na somo.

Jioni akamfuata binti jikoni, akamkuta akiosha vyombo.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, ingawa nyumbani walikuwa wawili tu, "lile umbo lako lilikuwa sahihi."

"Najua, Mama. Nilikuwa nasoma yale maneno yako ubaoni wakati wananicheka."

"Sasa mbona hukusema?"

Binti aliisuuza sahani pande zote mbili kabla ya kujibu.

"Wangekucheka wewe."

Rula hakujua aufiche wapi uso wake. Mtoto amekubali kuchekwa na darasa zima ili mama yake asichekwe, na mama mwenyewe amekuja kuomba radhi jikoni, mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani.

"Kesho nitalichora tena, niwaambie."

"Watasema unanipendelea."

Rula akachukua sahani nyingine.

Asubuhi akalichora katikati ya ubao, na paa lake lile lile lililoangukia ndani. Kabla hajaweka chaki chini, minong'ono ikaanza kule nyuma. Akawageukia, akamtafuta binti yake kwa macho, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hii ni pembetano," akasema. "Jana mwanangu alipatia. Mimi ndiye niliyekosea."