Kigingi Ng'ambo ya Kaburi

Pale Kyimo mashamba manne ya kijiji yalishuka kutoka barabarani hadi korongoni, kila moja hatua sabini za mtu mzima. La mwisho lilikuwa la Sekela, mjane. Mumewe alizikwa humo kwenye migomba, karibu na mpaka wa Hezron, jirani wa shamba la tatu. Kisha serikali ikaleta mita. Bwana Shamba akaja na utepe mpya, ila namba akaiacha ileile: sabini. Hatua ya mtu haifiki mita, nani asiyejua? Lakini wa juu walioongezewa walijikausha, shamba likasukuma shamba, mpaka kigingi cha Hezron kikasimama ng'ambo ya kaburi.

Asubuhi Sekela alimkuta Hezron anafyeka.

"Shemeji, hapo amelala rafiki yako."

"Mwambie asogee. Mita zimefika."

Mgomba wa kichwani mwa kaburi ukaanguka. Sekela alimtandika goti kwa mpini wa jembe, mfupa ukalia. Hezron, akiwa chini, alirusha panga likamchana mkono. Sekela akampiga tena, mdomoni, akamwacha anatema meno.

Alipanda hadi barabarani, damu ikimchuruzika. Bwana Shamba alikuwa kwa Meshaki, balozi wa nyumba kumi na mwenye shamba la kwanza, anakunywa chai.

"Pima kwa miguu."

"Mama, nchi imeshaacha mambo ya miguu."

"Tembea, au nikuvunje hiyo miguu."

Bwana Shamba akatembea, jembe la Sekela likimgusa mgongoni. Alipofika sabini alisimama. Mbele yake maharage ya Meshaki yaliendelea hadi kwenye kigingi.

"Haya yanatoka," Sekela alisema. "Kigingi kirudi hapa."

"Dada, ishia hapohapo," Meshaki akasema. "Usitutie umaskini."

"Kirudi, kaka."

Rungu la Meshaki lilimpata kisogoni. Mkewe akaja na mchi. Wa shamba la pili wakaja mbio, wala hawakuuliza kuna nini. Walewale wanaoimba umoja mkutanoni mpaka sauti zinakauka. Walimpondea mbavu katikati ya maharage hadi vidole vikaachia jembe. Bwana Shamba alikunja utepe wake.

Sekela alilala kifudifudi, udongo mdomoni. Chini kule mke wa Hezron alikuwa ameokota lile panga. Sekela alisikia mgomba unaanguka, kisha mwingine, kisha jembe la Hezron likizama kwenye udongo wa kaburi.