Jina la Vedasto

Wewe, umewahi kuponda mawe kutwa nzima bila wimbo? Mikono inakataa kabla jua halijapanda. Ndiyo maana wanawake wa machimbo yale ya dhahabu ya Tarime huimba kila nyundo ikishuka. Wanaimba vumbi la kifuani, wanaimba ugali wa chumvi, na mwishoni wanataja wanaume waliofukiwa na duara, yaani shimo la kuchimbia, wasionekane tena.

Petronila aliukuta wimbo huo alipofika na mumewe, Vedasto, kutoka Kigoma. Akaupenda, akawa anaitikia majina ya waume wa wenzake huku akipepeta vumbi la mawe, asijue desturi yake: jina la mtu huingizwa na mjane wake mwenyewe, na likishaimbwa, wachimbaji huweka koleo chini. Shimo linakuwa kaburi.

Sasa duara lilikuwa limemlalia Vedasto. Vijana walifukua kwa zamu, wakishusha matimba, magogo mabichi ya kuzuia kuta. Simioni, mwenye duara, akachoka kungoja. Alilalamika kwamba kazi imesimama na harufu imeanza kupanda. Kwa mjane mwenyewe hakwenda. Alimtuma Mokami, mama anayeongoza nyimbo, ambaye mumewe naye yumo humo wimboni, akamshawishi aimbe.

Mokami akaketi karibu na Petronila, akavuta jiwe lake.

"Petronila, mwanangu, imba upumue. Mimi wangu nilimwimba."

"Ukapumua, mama?"

Mokami akaligonga jiwe lile mpaka likawa unga. Kisha akauanzisha wimbo.

Yakaja majina. Marwa. Wangwe. Erasto. Halafu Mokami akaacha nafasi, na nyundo zote zikanyamaza. Kule kwenye winchi Simioni alikuwa amekunja mikono. Vijana walikuwa wametoka shimoni, nyuso zimeganda tope, nao wanasikiliza.

Sauti ilikuwa tayari kooni mwa Petronila. Wimbo aliujua vizuri, na sasa hata desturi yake. Tangu afike pale alikuwa mgeni wa kushukuru tu: akipewa maji anashukuru, akipewa pole anashukuru. Hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini, na yeye hakuwahi kusema.

Akaweka nyundo chini.

"Mama, siimbi," alisema, akiwatazama wale vijana. "Namtaka Vedasto wangu juu. Hata kama ameoza, nimfunge kanga yangu, nimzike mwenyewe."