Hesabu ya Jioni kwa Mzee Filemoni

Winifrida alishuka kwenye bodaboda pale Nyakitonto saa nne asubuhi, vumbi la njia nzima kutoka Kasulu limemkaa kwenye nyusi, na mkononi kashika daftari kwa namna walimu wanavyoshika daftari, yaani kama silaha. Jana yake alikuwa kazini Murungu, huko Kibondo, anafundisha darasa la sita, simu ilipoingia kwamba baba amefariki. Hakupiga yowe. Aliwamalizia watoto hesabu za sehemu, akafuta ubao, ndipo akaenda nyuma ya ofisi kulia mpaka kitenge kikalowa.

Kazi yake msibani haikuhitaji kikao. Ukiwa mwalimu katika ukoo wa Wakristo wa Buha, wasifu wa marehemu ni wako, utauandika na utausoma. Na usidhani wasifu ni mapambo. Kile kinachosomwa makaburini mbele ya mchungaji na mwenyekiti wa kijiji ndicho wazee wanachokirudia siku ya kumaliza matanga, wanapokaa kugawa mashamba. Ambaye hakutajwa kaburini hana pa kusimama kikaoni.

Ezroni, kaka yake mkubwa, alimpokea chini ya turubai. Ezroni alikuwa mtu wa kukohoa kabla ya kusema, na siku hiyo alikohoa mara mbili.

"Mwalimu, pole na safari. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Vita umeviweka? Weka mizinga. Weka medali. Watu wajue tunazika mwanaume."

"Mizinga ipo kaka, mpaka masikio yatawauma."

"Vizuri." Akakohoa tena. "Halafu kule mwisho, andika ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na tisa. Sita. Tunaelewana?"

Winifrida alimwelewa vizuri sana, na ndiyo maana damu ilimchemka. Mwezi uliopita alikaa pembeni ya kitanda cha baba yao, hospitalini Kasulu, akimlisha uji kwa kijiko. Mzee Filemoni Ntakamulenga alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kuamuru. "Winifrida," alimwambia, "siku hiyo ikifika, hesabu iwe kamili. Usije ukaniaibisha." Naye akaitikia, "Ndiyo, afande," kama alivyozoea tangu utoto. Sasa Ezroni anataka sita. Na hesabu ya baba yao haikuwa sita hata siku moja.

Ili uelewe, lazima ujue chakula kilivyoliwa katika nyumba ile.

Mzee Filemoni alikuwa mgambo mwaka wa sabini na nane, kijana wa miaka ishirini na tatu, alipochukuliwa na wenzake kwenda vitani Kagera. Seksheni yao ilikuwa ya watu kumi, na kila jioni kamanda aliwapanga mstari na kuamuru, "Hesabu!" Kila mtu anataja namba yake. Filemoni alikuwa Tano. Namba Sita alikuwa Hamis, kijana wa Kibondo, mtu wa mizaha, aliyeapa kwamba akirudi nyumbani atalala siku saba mfululizo bila kuvua viatu. Hamis aliuawa ng'ambo ya mto Kagera. Jioni ile walipohesabu, Filemoni alisema "Tano," kukawa kimya, na Namba Saba akashindwa kufungua kinywa. Basi Filemoni akasema mwenyewe, "Sita." Kamanda akamuuliza tangu lini mtu akawa na namba mbili. "Mpaka turudi nyumbani, afande," akajibu. Akazitaja zote mbili kila jioni mpaka vita vikaisha. Na aliporudi hakuanzia kwao. Alipitiliza hadi Kibondo, kwa mama yake Hamis, kumweleza kwa kinywa chake mwenyewe.

Halafu akaoa, akazaa, na hesabu ikahamia kwake. Kabla ya kula, watoto mstari mmoja mlangoni pa jiko, visigino pamoja. "Hesabu!" Ezroni, Moja. Winifrida, Mbili. Paskazia, Tatu. Wa nne alikuwa Benita, aliyekufa na surua kabla hajajua kutembea, na tangu siku aliyozikwa, Nne aliitaja baba mwenyewe, kwa sauti ile ile, bila kutetemeka. Pacha Bukuru na Butoyi, Tano na Sita. Nyandwi, Saba, maana kwa Waha mtoto wa saba jina lake linamngoja kabla hajazaliwa. Kisha mzee anasema, "Kamili. Haya, kuleni," na hapo ndipo mkono unaruhusiwa kwenda kwenye ugali. Majirani walicheka sana. Lakini ni nyumba gani nyingine kijijini ambayo hakuna mtoto aliyewahi kulala njaa kwa kusahauliwa?

Mwaka wa tisini na sita, watu walipomiminika kutoka Kongo, Mzee Filemoni alipata kibarua cha ulinzi kwenye ghala la chakula kambini Nyarugusu. Jioni moja alirudi na mtoto kwenye kibebeo cha baiskeli. Mtoto wa miaka mitano hivi, aliyepotezana na ndugu zake njiani, na hasemi. Mama yao alimwangalia, akaenda kuongeza maji ya ugali. Ndiyo ilikuwa kauli yake.

Walipopanga mstari, mtoto akawekwa mwisho. Nyandwi akapaza "Saba!" Wakangoja kusikia kamili. Mzee kimya, anamtazama mtoto. Maharage yakapoa. Mwishowe mzee mwenyewe akasema, "Nane. Kamili, kuleni." Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, baada ya saba, sauti nyembamba ikatoka mwisho wa mstari: "Nane." Lilikuwa neno lake la kwanza katika nyumba ile. Winifrida, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliona baba yake akigeukia ukuta na kujifanya anatafuta kofia aliyokuwa ameivaa.

Mtoto alikuja kujulikana kwamba ni Cyriaque, lakini mzee alimwita Minani, jina Waha wanalompa mtoto wa nane. Alikaa miaka sita. Alipopatikana mjomba wake kambini, alirudishwa kwao kwa utaratibu, na akakulia Nyarugusu, akawa fundi baiskeli, akaoa, akapata watoto. Alikuja kila alipopewa kibali cha kutoka. Jioni ambazo hakuwepo, mzee aliitaja Nane mwenyewe, kama alivyoitaja Nne.

"Huyo ana baba yake aliyemzaa," Ezroni alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Ukimsoma pale, wazee watasema ana fungu kwenye shamba la bondeni. Mimi ndiye nitakayesimama kikaoni, si wewe. Wewe utarudi Kibondo kwenye mshahara wako."

"Kwa hiyo baba alikosea kuhesabu miaka yote hiyo?"

"Ile ilikuwa michezo ya jioni, Winifrida."

Nyandwi, aliyekuja kutoka Dar na miwani ya jua juu ya kichwa, aliingilia. "Kaka, usizingue. Mzee angekusikia angekupigisha kwata mpaka barabarani."

"Mzee hasikii," Ezroni alisema, na mara akaonekana mtu aliyechoka sana. Alikuwa hajalala siku tatu. Yeye ndiye aliyemwogesha baba yao mara ya mwisho, yeye ndiye aliyetafuta mbao za jeneza. Winifrida aliliona hilo na likamuuma. Lakini hakufuta kitu kwenye daftari, wala hakuandika. Pale kwenye "watoto" aliacha nafasi.

Saa nane mchana Cyriaque akafika, amekanyaga baiskeli kutoka Nyarugusu, suruali ina vumbi mpaka magotini. Alivua kofia, akawasalimu wazee kwa Kiha, "Mwidiwe," halafu akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na wanaume waliochimba kaburi. Winifrida alimfuata.

"Mbona huku? Njoo mbele."

"Hapana, yaya," alisema, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. "Huku ni bien, ni muzuri. Kibali bamenipa siku moja tu, kesho niko narudia kambi." Aliikunja kofia yake mara tatu. "Shamba siombi, yaya. Umwambie kaka. Mi nimekuja tu juu ya Papa."

Winifrida aligeuka na daftari lake, maana angejibu angelia, na aliyekuwa na kazi ya kusoma hakutakiwa kulia bado.

Saa tisa walizunguka kaburi. Wasifu ulianza vizuri. Winifrida alisoma kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. Mizinga ilikuwepo, mto Kagera ulikuwepo, medali ilikuwa juu ya jeneza kwenye kitambaa cheupe. Alisoma habari za Hamis, na akasema kwamba yeye mwenyewe alipopangiwa kazi Kibondo mara ya kwanza, hana ndugu wala godoro, dada yake Hamis ndiye aliyempokea, akampa chumba na kukataa kodi. Ezroni alitikisa kichwa kwa fahari. Watu wakaguna ule mguno mzuri wa msibani.

"Marehemu ameacha mjane," Winifrida akasoma. Akafika kwenye nafasi aliyoiacha. Ezroni akakohoa.

Winifrida akafunga daftari.

"Marehemu hakuwahi kuturuhusu kujumlisha wenyewe," alisema. Akaweka visigino pamoja kwenye udongo mwekundu, na akapaza sauti mpaka ndege wakaruka kwenye migomba:

"Hesabu!"

Mchungaji akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama viatu vyake. Winifrida alimtazama kaka yake tu. Bila Moja hakuna Mbili, wote walilijua hilo. Uso wa Ezroni ulikunjamana, lakini miguu yake, iliyofundishwa miaka arobaini iliyopita, haikumsubiri. Visigino vikagongana.

"Moja!"

"Mbili!" akaitikia Winifrida.

"Tatu!" Paskazia, katikati ya kilio.

Halafu pakawa na shimo. Bukuru alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga. Kila mmoja wao alikuwa anangoja sauti moja, na kila mmoja alikumbuka kwa wakati mmoja kwamba mwenye sauti hiyo yumo ndani ya jeneza. Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo, hata Winifrida na ushupavu wake wote.

Ezroni alitazama jeneza. Alitazama medali.

"Nne," alisema.

Haikuwa kwa nguvu, lakini ilikuwa sauti ya baba yao, kabisa, na wanawake waliokuwa wakipepea moto wa masufuria kule nyumbani walisema baadaye kwamba waliisikia.

"Tano!" "Sita!" Pacha walikanyagana kama kawaida yao.

"Saba!" Nyandwi, miwani imeanguka, hajali.

Ikabaki Nane. Nyuma ya wachimba kaburi, Cyriaque alikuwa ameinamisha kichwa na kofia ameibana kifuani. Winifrida alihesabu pumzi zake mwenyewe, tatu, nne. Ndipo Ezroni alipogeuka, akawasogeza wachimba kaburi kwa mkono, akanyoosha kidole kwenye nafasi iliyo wazi pembeni ya Nyandwi.

"Minani," alisema, "unatuchelewesha. Mzee anangoja."

Cyriaque alipita katikati ya watu, akasimama pale alipoonyeshwa, visigino pamoja.

"Nane!"

Mama yao hakuwa ameongea tangu jana. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Aliishusha kanga, akawapitia kwa macho mmoja mmoja, kutoka Ezroni mpaka mwisho, bila haraka, kama mtu anayekagua kuni kabla ya mvua.

"Kamili," alisema. "Haya, mzikeni baba yenu."