Meno ya Mama Mkwe

Jina lake la kuzaliwa lilishabaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Barafu, kwa kuwa alikuwa fundi wa friji, na pia kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja angeweza kumlalamikia kuanzia mlangoni mpaka jikoni, yeye akaitikia "Mm," akachuchumaa, akafungua friji na kutazama ndani.

Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia. Watu hupanga sebule kwa ajili ya wageni, lakini hakuna anayepanga friji kwa ajili ya fundi. Barafu aliona nusu kitunguu kimekaa peke yake kwenye sahani ya maua. Aliona chupa za dawa ya kikohozi zimejipanga kama wajumbe wa kikao. Aliona keki iliyochokolewa kwa kijiko upande wa nyuma ili mbele ionekane nzima. Na ile taa ndogo ikawa inavimulika vitu vyote hivyo kwa heshima, kana kwamba ni mali ya mfalme. Mwishowe uvumilivu ukamwishia. Akanunua kamera iliyokwishatumika, akaanza kupiga.

Mtandaoni alipata kikundi cha wapenda picha za sanaa. Humo watu waliweka picha za ukungu, za mikono ya vikongwe, na za ngazi zisizoelekea popote. Barafu akaweka kitunguu chake, akakiita "Mjane." Kilipendwa na kaka yake, ambaye alipenda kila kitu bila kukifungua, na shemeji mmoja aliyeuliza kama bado kipo. Hata hivyo kichwa kikaanza kumvimba. Akawa anamwambia mkewe maneno kama "mwanga laini" wakati wa kula, na mkewe akawa anamwambia apitishe chumvi.

Kisha akaitwa kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Mpira wa mlango wa friji yake ulikuwa umechakaa, baridi yote inatokea pembeni. Alimwonyesha mkwewe jikoni, kisha akatoka uani kugombana na jirani juu ya kamba ya nguo. Barafu akafungua friji, akaduwaa. Kwenye rafu ya juu, ndani ya glasi ya maji, yalikaa meno ya bandia ya mama mkwe, yamepoa, yanang'aa, yanachekelea nyuma ya nusu limau.

Mtu mwenye akili zake angefunga mlango na kusahau. Barafu alitega sikio uani, akasikia ugomvi bado mbichi, akatoa kamera.

Picha ile aliiita "Tabasamu Linalosubiri." Aliiweka asubuhi, akaenda kazini anapiga mluzi.

Wa kwanza kuandika alikuwa mtu aliyejiita Lenzi Kali, anayeogopwa na kikundi kizima. "Nimeitazama picha hii nikitafuta sanaa, nikaona limau," aliandika. "Kila kitu kimewekwa katikati, kama glasi inaombewa pasipoti. Na hayo meno hayasubiri lolote, yamemtoroka mwenyewe. Mpiga picha huyu anapiga vitu vya watu kwa sababu watu wenyewe anawaogopa. Ndugu, rudi kwenye kazi yako, kama unayo."

Baada ya hapo ikawa kama mtu kafungulia mbwa. "Picha inanuka mpaka huku." "Mwenye meno yuko wapi, anakunywa uji?" Mmoja alitia viatu kwenye friji yake, akavipiga picha, akaviita "Safari ya Baridi." Viatu vile vikapendwa kuliko picha zote za Barafu ukizijumlisha.

Alijikaza kisabuni. Akajiambia hasomi tena, kisha akasoma tena, amelala chali nyuma ya friji za watu na simu kifuani. Alimkabidhi mteja friji iliyopona kabisa ila hakuichomeka kwenye umeme, mama wa watu akashinda anamlaani fundi. Nyumbani chakula kikawa hakishuki.

Akiwa katika hali hiyo ndipo alipofanya upumbavu wake mkubwa. Alijifungulia akaunti ya pili, akaipa picha ya ua na jina la Mpenda Sanaa. Mpenda Sanaa akaandika: "Picha hii imenitoa machozi. Kijana huyu ana jicho la pekee." Barafu akaisoma, na kwa kweli ikamfariji. Akaona ni utovu wa adabu kutoshukuru. Akaandika: "Asante sana kwa kuipenda picha yangu. Umenigusa." Kilichomponza ni kwamba alisahau kurudi kwenye akaunti yake. Mbele ya kikundi kizima, Mpenda Sanaa akamshukuru Mpenda Sanaa.

Lenzi Kali hakuchelewa. "Jamani, mpiga picha amepata shabiki! Wanaishi nyumba moja. Nasikia hata suruali wanavaa moja."

Mkewe alipoisoma alicheka mpaka akakaa sakafuni. Barafu akanuna. Mkewe alipomaliza kujifuta machozi, alikumbuka jambo.

"Halafu, mama amepiga simu. Anakuita. Anasema uende na hiyo kamera."

"Ameona?"

"Mjukuu wake ana simu. Wewe unafikiri nini?"

"Twende wote, basi."

"Mimi? Meno nilipiga mimi?"

Alikwenda peke yake, kamera begani. Alimkuta mama mkwe amekaa sebuleni, meno yapo mdomoni, mikono ipo mapajani. Barafu akamwamkia kwa sauti ya kuomba radhi.

"Kaa, mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Mjukuu amenionyesha picha, lakini kusoma amekataa. Anasema maneno mengine hayasomeki mbele ya bibi. Sasa nisomee wewe."

"Mama, yale ni mambo ya mtandaoni tu..."

"Meno ni yangu. Soma."

Akasoma. Alianza kwa kuyatafuna maneno, akaambiwa aongeze sauti. Akamsoma Lenzi Kali mpaka mwisho, jasho linamtiririka. Mama mkwe alisikiliza kama anasikiliza taarifa ya habari.

"Huyo ana ulimi. Mwingine?"

"Huyu anasema... anasema picha inanuka."

"Ameinusaje? Huyo mjinga, mruke. Mwingine?"

"Anauliza mwenye meno yuko wapi, anakunywa uji?"

"Saa ngapi kaandika?"

"Asubuhi, Mama."

"Basi kweli nilikuwa nakunywa uji." Mama mkwe akapiga goti lake kofi. "Huyo kabahatisha. Endelea!"

Akaendelea. Kadiri alivyosoma kwa sauti ndivyo yale maneno yalivyopungua makali. Kwenye simu, ameyakumbatia peke yake, yalikuwa hukumu; sebuleni, yakipita mbele ya bibi huyu, yalikuwa watu wasio na kazi asubuhi. Alipofika kwa Mpenda Sanaa akasita, lakini akasoma vilevile. Mama mkwe alicheka mpaka akayashika meno yasitoke, na Barafu, bila kupanga, akajikuta anacheka naye.

Kisha mama mkwe akaacha kucheka.

"Hao wote nimewasikia. Sasa nisikilize mimi. Mimi sina shida na picha. Yale meno nayaweka humo kwa sababu yakipoa yananituliza fizi, na sioni aibu. Lakini wewe umeingia nyumbani kwangu kama fundi, ukafungulia dunia nzima mlango wangu, nami nipo uani nazungumzia kamba. Hukuniuliza."

Barafu akatazama chini. Lenzi Kali alikuwa amemchoma siku nyingi, lakini hili lilimwingia kwingine kabisa, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Nimekosa, Mama. Nisamehe."

"Itoe."

Akaitoa palepale, mbele yake. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Kwa mbali alikuwa bado anaamini ni picha nzuri. Ikapotea na matusi yake, na machozi ya Mpenda Sanaa pia.

"Vizuri. Sasa omba."

"Niombe nini?"

"Picha! Kamera umeileta ya nini?"

"Mama, naomba nipige picha ya meno yako."

"Hapana," mama mkwe akajibu kwa raha, kama aliyelingoja swali hilo tangu asubuhi. "Meno yamekwishapigwa. Nipige mimi."

Barafu hakuwa amewahi kupiga picha ya mtu. Akashikashika vitufe vya kamera bila haja, akajua Lenzi Kali kwenye hilo hakusema uongo: vitunguu havikutazami. Mama mkwe akavuta kiti jikoni, akafungua friji, akakaa mbele yake kwa ubavu, mwanga ukamwangukia shavuni. Akatoa meno, akayatia mfukoni.

"Piga haraka, nyama inayeyuka!"

"Usiongee, Mama."

"Unaniambia mimi nisiongee?"

Alimpiga hapo, kinywa wazi, katikati ya kumfokea mkwewe. Kisha akampiga tena na tena, akisogea kila mara hatua ndogo kwenda mbele, mpaka akasahau kuogopa.

Picha mama mkwe aliichagua mwenyewe. Jina pia alichagua yeye: "Funga Mlango." Barafu akaiweka mtandaoni kwa jina lake halisi, akaifuta akaunti ya Mpenda Sanaa, akaenda kubadilisha gesi kwenye friji ya duka la dawa. Aliporudi akakuta mtu kaandika kwamba bibi anatisha watoto, mwingine kwamba friji ni chafu. Lenzi Kali aliandika: "Afadhali. Ila mkono wa kulia umekatwa vibaya pembeni mwa picha, na ukutani kuna waya unanisumbua."

Barafu akaitazama picha. Waya ulikuwepo. Mkono, hapana; mkono aliukata kwa makusudi. Akamwandikia: "Waya, asante. Mkono utabaki." Akazima simu, akaomba aongezewe chakula, mkewe akamtazama kama mgonjwa aliyeamka.

Mama mkwe alidai nakala ya ukutani, kubwa. Ikatundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Dada yake mkubwa alikuja kumtembelea siku ambayo Barafu naye alikuwepo, akaisogelea, akarudi nyuma, akavaa miwani, akaisogelea tena.

"Umetoka kama mchawi," akasema.

"Najua," mama mkwe akamjibu.

Dada mtu akakaa, akanywa chai, akaongea mengine yote. Wakati wa kuaga, akamvuta Barafu pembeni na kumnong'oneza kwamba friji yake ni kubwa zaidi, ina milango miwili, na Alhamisi atakuwa nyumbani.