Afya ya Mwinyi wa Shonadighi

Mwinyi Jogeshnarayan wa Shonadighi alishikwa na mapenzi ya elimu ghafla, kama mtu anavyoshikwa na kichomi. Ilikuwa asubuhi aliyosikia kwamba jirani yake Bhubanmohan, mtu aliyemshinda kila mwaka katika mashindano ya njiwa, amepewa na Serikali ya Waingereza cheo cha Raja kwa sababu ya kujenga shule ya wavulana. Mpaka siku ile, mchango mkubwa wa Jogeshnarayan kwa elimu ulikuwa kuacha shule mapema, ili walimu wapate kupumzika.

Mkewe Nistarini alizipata habari hizi kama alivyozipata zote, akiwa nyuma ya pazia la mwanzi lililotenga sebule ya wanaume na upande wa wanawake. Alimsikia mkuu wa wilaya, Mwingereza mwenye shingo nyekundu, akimdokezea mumewe kwamba mke wa Gavana anapenda sana shule za wasichana. Akamsikia mumewe akijibu kwamba yeye, tangu utotoni, hapati usingizi kwa kuwawazia wasichana wasiojua kusoma.

Nistarini hakujua kusoma. Ila usingizi wa mumewe aliujua vizuri. Ulisikika hadi kwenye banda la tembo.

Zamani, alipokuwa bibi harusi mdogo aliyeletwa juzi tu, alikutwa akifuatisha kwa kidole maandishi ya kalenda ukutani. Mama mkwe wake, Mokshada, akaushika mkono ule na kuushusha. Mwanamke anayefungua kitabu, alimwambia, anamzika mumewe. Wilaya nzima ililijua jambo hilo, na Jogeshnarayan naye aliliamini, maana ni imani isiyomsumbua mtu.

Shule ikajengwa. Ilikuwa na nguzo nyeupe, saa kubwa juu ya paa, na mlangoni sanamu ya marumaru ya mfadhili mwenyewe, iliyochongwa Kalkuta na fundi mwenye huruma aliyempunguzia tumbo na kumwongezea kidevu. Mwalimu naye akatoka Kalkuta: Hemlata Biswas, Mkristo, mwembamba, mwenye miwani, hajaolewa. Watu hawakuwa na neno naye. Asome atakavyo, walisema, hana wa kumuua.

Kilichokosekana ni wanafunzi. Msimamizi wa mashamba, mzee Gokul, alikuja sebuleni kulieleza hilo kwa adabu zote.

"Bwana, watu wanaiheshimu sana shule. Wanaipita kwa mbali."

"Mfinyanzi ana mabinti wangapi? Si awalete."

"Nimemwambia, Bwana. Naye akaniuliza kama Mama Rani anajua kusoma."

Mama Rani, yaani Mama Malkia, ndiye Nistarini. Watumishi wa nyumba ile walikuwa wepesi wa kugawa vyeo kuliko Serikali. Jogeshnarayan akaomba buruma yake ya tumbaku, akaivuta bila kukumbuka kwamba haijawashwa.

Mchana, Nistarini alimpepea mumewe akila wali na samaki wa mchuzi wa haradali. Alingoja amalize mfupa wa mwisho.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Wapi?"

"Shuleni. Wakiniona mimi nimekwenda, watawaleta mabinti zao."

Jogeshnarayan aliacha kutafuna. "Unataka kuniua?"

"Nataka uwe Raja, Bwana."

Lilikuwa jibu ambalo hakuwa amejiandaa nalo. Alilitafakari pamoja na maziwa mgando, na alipoletewa tambuu alikuwa ameshakubali, huku akieleza kwamba wazo hilo alikuwa nalo yeye siku nyingi.

Basi Mama Rani akabebwa kwa machela, mapazia yakiwa yamefungwa, mpaka mlangoni pa shule, akaketi kwenye benchi la watoto magoti yakimfika kidevuni. Mwalimu Hemlata hakuonyesha kushangaa. Alimpa kibao na kipande cha chaki, akamwandikia herufi ya kwanza.

"Hii unaijua, Mama?"

"Naijua sura. Hatujawahi kujulishana."

Wiki ikaisha na mwinyi yuko hai. Mfinyanzi akamleta binti yake mmoja, Khiroda, yule mwenye maneno mengi, kwa hesabu kwamba yeye baba mtu alikuwa na afya nzuri na hasara haitakuwa kubwa. Baada yake wakaja wa mwoka mikate, wa karani wa posta, wa mpiga ngoma wa hekaluni. Lakini kila baba aliweka sharti moja moyoni: binti atasoma maadamu mwinyi anapumua.

Hapo ndipo Jogeshnarayan alipoanza kuifanyia elimu kazi ya kweli. Kila asubuhi ilimbidi apite sokoni kwa miguu, ili raia wamkague. Wauza samaki walimtazama macho kama wanavyotazama macho ya samaki. Akipiga chafya, benchi moja lilibaki tupu. Akikohoa mara mbili, mwoka mikate alimfuata binti yake katikati ya somo. Alikatazwa kuoga bwawani, akakatazwa kukaa juani, akakatazwa siagi. Bhubanmohan, kwa upendo wa jirani, alikuwa akimtumia vikapu vya vitamutamu vinavyochuruzika samli.

"Sijawahi kuona mtu akiteseka hivi kwa ajili ya elimu," Gokul alimwambia, na haikujulikana kama ni sifa.

Mvua zilipokuja, homa ikaja nazo. Jogeshnarayan alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Daktari akaleta kwinini. Asubuhi iliyofuata shule nzima alikuwapo Khiroda peke yake, aliyetoroka kwao. Wengine walikuwa uani kwa mwinyi pamoja na baba zao, wamejikunyata chini ya miavuli ya majani, wanangoja.

Mokshada alimkuta mkwe wake mlangoni pa mgonjwa.

"Mwanangu anakufa, na wewe una chaki kwenye vidole."

"Nitanawa, Mama."

"Hivyo vitabu vikanawe bwawani."

Nistarini hakubisha. Alivichukua vitabu vyake, akashuka ngazi za bwawa mpaka maji yakamfika vifundoni. Kusema kweli aliogopa. Siku zote zile alikuwa akilicheka jambo hilo, lakini imani iliyopandwa utotoni haing'oki kwa kibao na chaki, na mle chumbani mumewe alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Alisimama pale, mvua ikimlowesha. Kitabu cha juu kilifunguka kwa upepo, naye, bila kukusudia, akaisoma sentensi iliyokuwa pale. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuisoma kabla hajayazuia. Akajua hata akikitupa hatakuwa ametupa kitu. Akapanda ngazi tena, akaingia kwa mgonjwa vitabu vikiwa chini ya sari yake, akilia.

Jogeshnarayan alifumbua jicho moja. "Uani kuna kelele gani?"

"Watu, Bwana. Wanasema nimekuua."

"Nimekufa?"

"Bado."

Alivuta pumzi. "Bhubanmohan kasikia?"

"Ametuma mtu wa kuulizia. Mara mbili tangu asubuhi."

Mwanamume mwenye hekima angesema jambo kubwa hapo juu ya haki ya wanawake. Jogeshnarayan hakuwa na hekima, alikuwa na wivu, na siku ile wivu ulimfanya shujaa.

"Keti pale dirishani," akasema. "Fungua pazia. Soma kwa sauti wakusikie mpaka wa mwisho."

"Bwana, na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli, tumeshachelewa. Soma."

Mokshada alijifunika uso kwa ncha ya sari. Nistarini akaketi dirishani, uso wazi mbele ya wanaume wasio ndugu zake, akasoma somo la ng'ombe. Ng'ombe ana miguu minne. Ng'ombe hula majani. Sauti ilimkatikakatika, na mwanzoni akaziruka herufi ngumu, kisha akarudi kuzichukua. Uani hakuna aliyesogea. Wote walimsikiliza ng'ombe yule, na walipochungulia kitandani wakamwona mwinyi amejiegemeza kwenye mto, anawakodolea macho kwa hasira.

"Umejifunza lini yote haya?" akamuuliza mkewe walipofika kwenye mkia.

"Ulipokuwa sokoni unaonyesha kwamba uko hai."

Aliangua kicheko kilichogeuka kikohozi. Homa ilishuka kabla ya jua kuzama. Daktari alisema ni kwinini. Mwoka mikate alisema ni ng'ombe. Keshoye mabenchi yalijaa, na wengine wakaketi sakafuni.

Mke wa Gavana alikuja msimu wa baridi. Alikunywa chai, akawasifu bata wa bwawani, akauliza kama saa ile inakwenda sawasawa, akaondoka. Kisha cheo kikatoka Kalkuta. Hakikuwa Raja. Kilikuwa Rai Bahadur, kile wanachopewa wakaguzi wa posta na madaktari wa polisi wakistaafu bila kuiba. Jogeshnarayan alijifungia chumbani, akasusa samaki, akatishia kuigeuza shule kuwa banda la njiwa. Gokul akamkumbusha, kwa adabu, jinsi Bhubanmohan atakavyolipokea hilo. Shule ikabaki shule.

Hasira zilipopoa alizoea kwenda kule alasiri, kukagua, alivyosema. Hakuwa na analolijua la kukaguliwa, hivyo aliwaomba watoto bisi zao za mchele na kusimama karibu na benchi la mkewe. Siku moja Khiroda alinyanyua kichwa.

"Bwana Mkubwa, ni kweli Mama Rani akisoma utakufa?"

Mwalimu Hemlata akavua miwani.

"Ndivyo wanavyosema," Jogeshnarayan akajibu, akitafuna. "Ila naona anasoma polepole sana."

Nistarini hakuinua macho. Alikuwa katikati ya ukurasa mgumu, na kidole chake kilikuwa kimefika penye neno asilolijua.

"Bwana," akasema, "umenizibia mwanga."

Rai Bahadur akasogea pembeni.