Vumbi la Bugeshi

Mume wangu Twahir ni mwadhini wa msikiti wetu mdogo hapa Mbugangari, na alikuwa akijiua kwa vifaru vya kuchezea. Nasema vya kuchezea makusudi, maana neno hilo humuudhi. Huunda magari ya jeshi yasiyozidi kiatu cha mtoto: anakata plastiki, anagundisha, anapiga msasa, kisha anapulizia rangi ya kopo. Aliendesha malori maisha yake yote, na sasa amestaafu, mikono yake haijui kukaa bure.

Ubaya ni kwamba alifanya hayo yote chumbani, dirisha limefungwa.

"Nikifungua, vumbi inaingia, inabandika ku rangi mubichi," alisema. "Kazi yote inakufa."

Akimaliza, hunywa bilauri kubwa ya maziwa kama wapaka rangi wa gereji, akiamini yanaosha sumu. Mimi huku ukumbini, kwenye cherehani yangu, kichwa kiliniuma kwa harufu.

Ijumaa moja adhana ikakatika katikati. Tulisikia kikohozi, kisha sauti ya mzee Abdu, mmoja wa waumini, ikimalizia. Twahir alirudi nyumbani, akakataa chakula.

"Watatafuta mwingine," aliniambia. "Kama sauti imeisha, Mama Kaltumu, mi niko nani?"

Hasira zangu zote ziliniishia. Nilimhurumia mno. Kesho yake nikamburuta kwa muuguzi Liliane, akamsikiliza kifua.

"Papa, maziwa inaenda ku tumbo, haiendi ku mapafu," Liliane alisema. "Vaa maske ya vichujio, ile ya kupaka rangi voiture ku gereji. Musasa, tia maji, unga isiruke. Na dirisha ufungue. Bila ile, uache kabisa."

Barakoa alinunua. Msasa akalowesha. Lakini dirisha? Ng'o! Nilimkuta amejifungia tena, kopo mkononi, akipulizia lori dogo, na hapo hasira zikarudi mbio.

"Baba Kaltumu, hii lori iko ya wapi?"

"Ya jeshi. Kama zile tulikuwa tunapishana nazo barabara ya Bugeshi."

"Na ulisha kuona moja kule haina vumbi?"

Akanitazama. Akalitazama lori lake, linang'aa kama sahani ya harusi. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nami nikampiga mgongo huku nikicheka na kulia. Alipopumua vizuri, akafungua dirisha mwenyewe.

Abdu aliadhini kwa muda mrefu. Twahir alikaa kimya kila wakati wa adhana, na kimya kile kiliniumiza kuliko kikohozi.

Leo adhuhuri nilikuwa nashona gauni la mteja niliposikia sauti yake msikitini. Haikuwa ile ya zamani. Ilikwaruza, na baina ya tamko na tamko alipumzika sana. Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Kila alipovuta pumzi, nami nilivuta. Alipofika mwisho bila kukatika, nilikuwa nimelikunjakunja gauni la watu kifuani, limelowa machozi.