Mgeni wa Sentimita Mbili

Siku ya kwanza tu nilimtilia shaka. Mtu gani analipiwa hoteli na serikali yake, anaikataa, anakuja kupanga kwangu, nyumba yenye wapangaji sita, watoto wasiohesabika, na cherehani inayonguruma sebuleni tangu asubuhi? "Napenda nyumba yenye watu, dada," alisema. Nikamwambia karibu. Moyoni nikasema, hapa pana namna.

Alitoka nchi ya pili, ng'ambo ya maji. Nchi zetu zinavua samaki wale wale, maana samaki hajui mpaka. Basi wakubwa wakakubaliana: kila nchi ipeleke mpimaji kwa mwenzake, samaki wapimwe na wote wawili, na aliye chini ya sentimita arobaini asivuliwe mpaka akue, azae. Mpimaji wetu sokoni ni mdogo wangu, tumbo moja. Huyu mgeni ndiye aliyeletwa kupima pamoja naye. Tukambandika jina: Bwana Sentimita.

Wiki mbili, vipimo vyao havikulingana hata siku moja. Samaki yule yule, mdogo wangu anaandika arobaini na moja, Bwana Sentimita kwa ubao wake wa kupimia anaandika thelathini na tisa.

"Ijumaa ni kikao cha nchi zote mbili," mdogo wangu aliniambia. "Wakiona hesabu zake watasema napitisha samaki wachanga. Kazi itaota mbawa, dada. Na jina langu nani atalisafisha?"

"Amehongwa huyo," nikasema. "Wanataka wavuvi wetu wafungiwe, bahari wabaki nayo wao."

Sasa, mimi fundi cherehani, na mdomo wangu unakwenda na sindano. Kabla jua halijageuka, mtaa mzima ulishajua. Muuza mkaa akasema amemwona akinong'ona kwenye simu. Nesi wa chumba cha mwisho akasema daftari lake haliachi hata akienda kuoga.

Mume wangu, seremala, akacheka. "Mke wangu, ungekuwa polisi magereza yangefurika."

Alhamisi daftari lilisahaulika juu ya meza yangu ya kukatia. Najua si vizuri. Nikalifungua.

Safu mbili, yeye na mdogo wangu. Thelathini na tisa, arobaini na moja. Hamsini na mbili, hamsini na nne. Thelathini na tatu, thelathini na tano. Na chini kabisa, kwa wino mwingine: *Nimepanga kwa dada yake. Sijaona hongo. Bado natazama.*

Damu ilinichemka. Nimempa chumba chenye dirisha, kumbe alikuwa akitutazama! Lakini macho yangu yakarudi kwenye safu. Mbili. Mbili. Samaki mkubwa mbili, mdogo mbili. Wateja wangu wananidanganya viuno vyao miaka ishirini, hakuna aliyewahi kunidanganya kwa kiasi kile kile kila siku. Futi yangu ya kupimia nguo imelika ncha, inaanzia moja. Siku niliyosahau kutoa hiyo moja, kila nguo niliyoshona ilikuja kubwa, kwa kiasi kile kile.

Nikaibeba futi, mbio mpaka sokoni. Walikuwa kwenye meza ya zege, kila mtu na ubao wake, hawasemezani. Nikamsukuma samaki mmoja kando, nikailaza futi juu ya ubao wa mdogo wangu. Pale mbele, mdomo wa samaki unapogota, palikuwa na kipande cha mti. Rula ilichomoza chini yake ikianzia mbili. Sifuri na moja zilikuwa zimefunikwa. Na ile misumari, vichwa vimelazwa upande, niliijua. Kitanda changu kina misumari kama hiyo.

"Nani alitengeneza ubao huu?" Bwana Sentimita aliuliza taratibu.

Mdogo wangu alishika mdomo. Miaka miwili nyuma kile kipande kiling'oka, akauleta ubao nyumbani, mume wangu akaugongomea huku akisimulia mpira.

"Shemeji yake," nikasema. "Mume wangu."

Akatutazama mmoja mmoja. "Na nani ataamini ni bahati mbaya?"

Nyuma yake muuza mkaa alikuwa amesimama, masikio yote mawili wazi. Mpaka tunafika nyumbani, mtaa ule ule niliouambia mgeni amehongwa ulikuwa ukisema tumehongwa sisi.

Seremala wangu alitoka na koleo, hacheki tena. "Lete niung'oe sasa hivi. Kesho nani atajua?"

"Usiuguse, shemeji," mdogo wangu akasema. "Nikipeleka ubao uliotengenezwa, mimi mwongo. Nikiupeleka hivi hivi, mimi mjinga. Ujinga una dawa."

Akaufunga kwenye kitambaa changu cha bitana, Ijumaa akaenda nao, misumari yake na yote.

Alirudi na kazi yake. Hesabu za miaka miwili zipunguzwe mbili kila samaki, kwa mkono wake. Wavuvi wetu wakafungiwa miezi miwili, bahari ipumue, na mpaka leo wapo wasioitikia salamu yake. Kikao kikaagiza pia mbao zote zikaguliwe, za huku na za kule.

Bwana Sentimita akaja mlangoni na ubao wake kwapani.

"Dada, niazime futi."

Nikampa. Kisha nikazima cherehani, nikasogea karibu, nione kama atajua kutoa ile moja.